Kabati la Paswadi

Umoja, Jumapili mchana

Mwende,

Sitakuuliza hali kwa sababu hali yako naijua. Umetoka hapa robo saa iliyopita kwenda mtaa wa Fedha kumuaga shangazi yako, umevaa sweta langu la kijivu bila kuniomba, na umesema utarudi kabla jua halijazama. Kesho asubuhi saa kumi na mbili unaondoka kwenda kuanza chuo Eldoret. Kwa hiyo nina kama saa nne za kuandika jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa miaka miwili.

Habari za blanketi, unga, dawa ya kifua na kuchunga begi stendi, hizo sitaziandika. Tumezisema wiki nzima mpaka jana ukaniambia, "Mum, hata kuitikia nimechoka." Mimi pia nimechoka kusema. Nilikuwa naongea sana ili lile moja lisipate nafasi ya kutoka.

Lile moja ni hili. Unakumbuka ile nafasi ya ufadhili uliyoomba, ya kusomea ufundi wa mashine za hospitali, ule mwaka tuliomzika baba yako? Ulienda kwenye mahojiano, ukangoja jibu, jibu ukawa huoni, ukaamini walikukataa. Mwanangu, hawakukukataa. Walikuchukua. Jibu lilikuja, na mimi ndiye niliyelisoma.

Kaa chini kwanza. Kama uko hosteli na wenzako wanakuangalia, wageuzie mgongo umalize kusoma. Nitakueleza lilivyokuja na lilivyopotea, na pale ninapojitetea utaniona mwenyewe, wewe unanijua.

Lazima nianze na saiba, hiki kibanda chetu cha kompyuta na intaneti. Unajua tunavyofanya kazi hapa. Mtu anakuja, anataka leseni au cheti cha kuzaliwa au fomu ya mtoto ya chuo, na hana barua pepe. Namfungulia. Namchagulia paswadi. Pale fomu inapoomba namba ya simu naandika yangu, kwa sababu zao zinaibwa, zinauzwa, zinazimwa, halafu wanarudi kunilaumu mimi. Kila saiba mtaa huu inafanya hivyo. Watu wa serikali wakiamua siku moja kupiga hesabu watashangaa mwanamke mmoja wa Umoja ana biashara ngapi, watoto wangapi, na mbuzi wangapi.

Zamani paswadi za watu zilikaa kwenye lile daftari la jalada jeusi. Wewe ulikuwa darasa la tatu, ukachana karatasi mbili ukachora nyumba na jua nyuma yake. Nilikuchapa. Ile picha ninayo mpaka leo, na nyuma yake kuna paswadi kumi na tatu ambazo sijui ni za nani, maana majina yalibaki ukurasa wa pili. Nilikaa wiki nzima nabonyeza "umesahau paswadi?" huku watu wamesimama mgongoni kwangu wakisonya. Nisamehe kwa ile fimbo. Daftari halikuwa na thamani hiyo.

Ndipo akaja Fundi Oti, yule mrefu aliyekuwa anatutengenezea printa. Akaniona na daftari la pili, akacheka. "Madam, bado unaandika kwa kitabu? Mashine yenyewe iko na kabati!" Akanionyesha. Kumbe ndani ya kompyuta, katika mfumo ule ule inaowakia, kuna mahali pa kuhifadhi paswadi za tovuti. Si kitu cha kununua wala cha kuongeza, kimekuja nayo. Ukiingia mahali, inakuuliza, nihifadhi? Ukikubali, inaweka jina na paswadi kwenye orodha. Ukitaka kuiona baadaye unabonyeza "onyesha", inakuomba ile paswadi moja unayowashia kompyuta, na zile nukta zinageuka kuwa herufi.

"Unakumbuka moja tu," akasema. "Hiyo ndiyo ufunguo wa zingine zote."

"Na nani mwingine anaweza kufungua?"

"Mwenye ufunguo."

Nilifurahi, kwa sababu mwenye ufunguo nilikuwa mimi, na mimi nilijiamini. Tangu siku hiyo tukaita ile orodha kabati. Lakini Oti alisema jambo lingine ambalo nililipuuza. Alisema kila anayetumia mashine awe na jina lake la kuingilia, ili kabati la kila mtu liwe lake. "Wewe na binti yako msitumie moja, madam." Nikamjibu, Oti, sisi tunalala chumba kimoja na pazia katikati, kopo la chai ni moja, ndara ni za atakayewahi, sasa nikagawe kompyuta? Akacheka, nikacheka, akaenda zake. Nilidhani ni mambo ya watu wenye vyumba vingi.

Basi ulipoanza kutumia mashine yangu ya pale mezani, uliingia kwa jina langu. Siku ile ilipokuuliza kuhusu barua pepe yako, nihifadhi, ulibonyeza ndiyo. Nilikuwa nimesimama nyuma yako nakunja karatasi za fotokopi. Nilikuona na sikusema kitu, kwa sababu sikuona ubaya. Na kusema kweli ubaya haukuwepo bado.

Nikuambie pia kwamba nilikuwa najivuna. Unamjua Baba Halima, yule wa mbuzi. Anatoka machinjioni Kiamaiko na viatu vyake vya mpira vina damu, anasimama mlangoni, anapaza sauti, "Mama Mwende, niaje, hebu ingia kwangu uone kama leseni imetoka." Namuuliza paswadi. "Si wewe unaijua? Mimi najua mbuzi!" Foleni nzima inacheka. Naingia kwake, naangalia leseni, natoka. Sijawahi kusoma neno lingine la Baba Halima, wala la mtu yeyote. Barua za mahakama zimepita hapa, majibu ya hospitali yamepita, ya wapenzi sikwambii. Naangalia nilichotumwa, nafunga. Watu walikuwa wakiniambia, Mama Mwende wewe ni kaburi, nami nikaitikia asante.

Barua pepe moja tu nimefungua bila kutumwa maishani mwangu, na ni yako.

Ilikuwa miezi mitatu baada ya mazishi. Ulikuwa umeacha kuongea. Unatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kupanga foleni kwenye geti la kiwanda cha biskuti, Industrial Area, ukichaguliwa unarudi jioni unanukia vanila, usipochaguliwa unarudi saa nne unalala ukiangalia ukuta. Nilikuuliza, unasema "niko sawa, Mum." Nilikusikia ukilia bafuni huku umefungua mfereji ili nisisikie. Nikaanza kuogopa. Ukitaka kujua niliogopa nini, niliogopa kila kitu: mwanamume, mimba, sumu ya panya. Nilikuwa nimetoka kumzika mmoja.

Asubuhi moja nikawasha mashine, nikafagia, na kabla sijaweka maji ya chai nikafungua kabati. Nikatafuta jina lako. Hata sikuwa na haja ya kuiona paswadi, mashine ingeijaza yenyewe nikaingia tu. Lakini nilibonyeza "onyesha". Nikaandika ufunguo wangu. Na zile nukta zikageuka kuwa neno alilokuwa akikuita baba yako, Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, kwa kuwa una jina la mama yake, na mbele yake namba ya lori alilokuwa akiendesha. Nilikaa pale nikalia mpaka mtu wa kwanza akabisha mlango. Mtu mzima angefunga hapo na kukungoja jioni akwambie, "Hata mimi namkumbuka baba yako." Mimi niliingia nikasoma.

Sikukuta kitu. Matangazo ya kazi tu, mengi ajabu, ishirini kwa siku. Nikashusha pumzi. Kesho yake nikaingia tena kuhakikisha. Halafu ikawa desturi, kama kuangalia kama gesi imezimwa. Nilijiambia nakulinda. Wiki zikapita hivyo, na nikiingia nilikuwa mwangalifu nisiguse chochote. Nasoma vichwa tu, naondoka.

Halafu ikaja. Ilikuwa Jumanne. Ilikuwa kati ya matangazo, imetoka ofisi ya wafadhili na si chuo, jina usilolijua, na kichwa chake kilikuwa namba ya kumbukumbu tu. Nikaifungua. "Tunayo furaha kukujulisha." Mwende, nilipiga kigelegele peke yangu ndani ya saiba. Nilisimama nikazunguka kiti. Ada yote, malazi, vitabu, miaka mitatu. Chini wakaandika kwamba uthibitishe ndani ya siku saba, usipothibitisha nafasi itapewa mwingine.

Nikakaa chini. Nikasoma tena mahali chuo kilipo. Mbali, mbali sana na hapa, na siku ya kuripoti ilikuwa mwezi ule ule.

Sasa sikiliza jinsi kitu kinavyoweza kuwa kidogo. Wewe wakati ule simu yako kubwa ilikuwa imevunjika kioo, ulikuwa na kale kadogo ka tochi. Barua pepe zako ulizisoma hapa tu, jioni, dakika tano, umesimama. Na ulikuwa na njia yako: unashusha haraka, unatafuta zile za herufi nzito, zile mpya. Zilizofifia ulizipita, maana umeshazisoma. Mimi nilikuwa nimeifungua. Ilikuwa imefifia.

Kuna kitufe cha kuirudisha iwe kama haijasomwa. Mimi nimekaa saiba miaka kumi na moja, nakijua kitufe hicho kuliko ninavyojua mfuko wa aproni yangu. Mkono ulikuwa juu ya kipanya. Nilichohitaji ni kubonyeza mara mbili. Nikawaza, nikibonyeza, jioni ataiona, na mwisho wa mwezi nitakuwa napika ugali wa mtu mmoja. Wakati huo huo Baba Halima akaingia, "Mama Mwende, mashine imelala ama ni wewe?" Nikafunga.

Kwa muda mrefu nilimsingizia Baba Halima kichwani mwangu. Nilijiambia asingeingia ningebonyeza. Lakini Baba Halima alikaa dakika kumi akaenda, na siku ilikuwa bado na saa tisa mbele yake.

Jioni ukaja. Ulikuwa umechaguliwa siku hiyo, una unga wa biskuti kwenye nyusi. Ukasimama mezani, ukashusha, ukashusha, ukapita juu yake. Niliona kidole chako kikiipita. Tayari ilikuwa ukurasa wa pili.

"Zii," ukasema. "Hakuna kitu, Mum."

Nikakwambia, "Itakuja tu."

Maneno hayo ndiyo yananiamsha mpaka leo. Sikulazimika kuyasema. Ningeweza kunyamaza na nisingekuwa mwongo kiasi hicho.

Siku tatu nyingine ukauliza, nami nikajibu vivyo hivyo. Siku ya nne nilikupikia chapati katikati ya wiki ukashangaa ni sherehe gani. Siku ya sita simu yangu ikalia, namba ya mezani, ya mji ule. Unajua fomu yako ilikuwa na namba ya nani, niliijaza mimi mwenyewe, kama za wateja wote. Nilijua ni wao. Kitufe ningeweza kusema nilisahau, lakini simu ilikuwa inalia mbele yangu juu ya kaunta. Niliiangalia ikalia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Mteja mmoja akaniambia, "Madam, simu," nikamwambia ni watu wa kusumbua.

Haikulia tena baada ya hapo. Siku saba zikaisha.

Nimetafuta sana jina la nilichofanya. Baba yako alikuwa mwezi wa nne kaburini na mimi sikutaka uende. Ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Nilijiambia wewe bado mdogo, nilijiambia ufadhili huwa una masharti, nilijiambia utapata mwingine karibu. Nilikuwa na sababu mpya kila asubuhi, na zote zilikuwa za kukuweka upande wa pili wa lile pazia nisikie ukipumua.

Lakini hata hilo lisingenifanya niandike leo. Ningeweza kuzeeka nalo. Kinachonifanya niandike ni kile ulichosema mwezi uliofuata. Tulikuwa tunachambua mboga. Ukasema, bila kuniangalia, "Walinikataa, Mum. Ni lile swali la fyuzi." Ukanieleza kwamba kwenye mahojiano walikuuliza ungefanya nini kama mashine inaunguza fyuzi kila ukiiwasha, na wewe ukasema ungetafuta kwanza kinachoiunguza kabla ya kuweka nyingine, na mmoja wao akaandika kitu bila kutabasamu. Ulikuwa umelibeba swali hilo wiki zote hizo. "Nilijibu kijinga," ukasema. "Mimi si mtu wa vyuo." Nami nikaendelea kuchambua mboga.

Umelisema hilo mara ngapi tangu siku hiyo? Ulisema supavaiza alipokupita na kumpandisha yule msichana mwingine. Ulisema ulipochaguliwa Eldoret mwaka huu: "Labda hawakuwa na watu wa kutosha." Miaka miwili umesimama kwenye geti la kiwanda ukiamini hapo ndipo saizi yako, na aliyekupima ni mimi. Juzi ulipokuwa unakunja nguo ukacheka ukasema ukifika Eldoret utakaa nyuma darasani wasikuulize maswali. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo. Kamba ilikuwa tupu, Mwende. Hata hukuniuliza naanua nini.

Hukujibu kijinga. Walisikia jibu lako la fyuzi wakakuchukua. Hicho ndicho unachoenda nacho kesho, na usipokipata kwangu hutakipata kwa mtu mwingine, maana hakuna mwingine anayejua.

Nilijaribu kukwambia kwa mdomo. Nilijaribu siku ya Krismasi, ukaja na keki. Nilijaribu ulipougua malaria, nikaogopa kukuongezea homa. Leo baada ya kanisa, tukila, nilisema "Mwende," ukasema "Mm?" nikasema "ongeza supu." Nimeandika kwa mkono kwa sababu nikichapa kwenye mashine itabaki kwenye mashine, na hiyo nimeshajifunza. Na barua hii nitaiweka ndani ya bahasha ya vyeti vyako ili uikute ukiwa umefika. Si kwamba nataka usome kwa utulivu. Nikikupa hapa utaniangalia, na mimi hayo macho siyawezi leo. Hata hapa nimejipendelea, unaona.

Mwaka huu ulipoomba Eldoret ulifanya yote kwenye simu yako mpya, gizani, chini ya blanketi, na hukuniomba hata nikuchapishie barua. Niliona unakaribia kuondoka nikashangaa nilivyofurahi. Hukunipa paswadi, hukuandika namba yangu. Sijui kama kuna sehemu yako iliyojua. Kama ipo, ilikuwa na akili kuliko mimi na Fundi Oti pamoja.

Jana ulipokwenda kusuka nilifunga saiba mapema nikafungua kabati. Nimefuta zote, moja moja. Mashine inauliza kila mara, una hakika? Nikajibu ndiyo mpaka kidole kikauma. Kuanzia wiki ijayo kila mtu ataandika yake na mimi nitaangalia ukuta. Nilianza na Baba Halima Ijumaa, akakasirika. "Sasa umenifanya mgeni, Mama Mwende?" Nikamwambia, andika kitu ambacho hata mimi siwezi kukijua. Akafikiri sana, akaandika kwa kidole kimoja, akaniangalia kama mtoto aliyejifunga viatu. Kabati si baya, nisikudanganye. Ukipata mashine yako na jina lako la kuingilia, hifadhi humo, utapunguza kuhangaika. Baya lilikuwa ni kukaa wawili kwenye ufunguo mmoja na mmoja wetu akiwa amefiwa.

Yako niliifuta mwisho. Kabla ya kuifuta niliingia mara moja zaidi. Bila ruhusa tena, najua, iongeze kwenye hesabu yangu. Nilishuka chini, chini, mpaka mwaka ule, nikapita matangazo yote yale ya kazi ambazo hukupata, nikaikuta. Sikuifungua. Nilibonyeza kile kitufe.

Nimefuta kabati lakini kichwa changu sina namna ya kukifuta. Lile neno la baba yako na namba ya lori nitalijua mpaka niingie kaburini, na kuna asubuhi nitawasha mashine, nitafagia, chai haijachemka, na mkono utataka. Nakwambia ukweli, sijiamini tena. Mlango huo unaweza kuufunga wewe tu. Weka paswadi mpya. Jina alilokuita baba yako liandike mahali pengine, kwenye daftari, kwenye ukuta wa hosteli, popote. Na hiyo mpya usiniambie. Nikikuuliza siku moja kwa simu, kwa sauti ya uchovu, nikisema ni kwa usalama tu, kata simu.

Kama hutataka kunipigia kwa muda, sitatuma mtu. Sitampigia shangazi yako akuulize kwa niaba yangu. Nitakuwa hapa, simu nimeiweka juu ya kaunta, na ikilia nitashika, hata namba nisiyoijua.

Nasikia lango la ploti, nadhani ni wewe. Sweta kaa nalo.

Lakini kabla ya kubadilisha paswadi, ingia mara moja. Shuka mpaka mwaka ule, au andika tu neno "furaha" pale pa kutafutia. Utaiona katikati ya zilizofifia, peke yake, kwa herufi nzito, kama imefika leo. Mimi sijaisoma.

Ifungue wewe.

Mama yako